Dada, nimelala hadi nimeshiba

Dadangu,

Hii ningekutumia wasapu lakini nakujua, utasoma, tiki zitageuka bluu halafu kimya mpaka Krismasi. Kwa hivyo wacha niandike hapa wazi kila mtu aone, uaibike kidogo.

Niko nyumbani Kisauni tangu mwezi wa saba unaisha. Nilishuka treni pale Miritini usiku na begi moja na ile daftari yangu ya mipango, na wacha nianze na hiyo daftari manake najua utacheka. Nilikuwa nimejiandikia ratiba ya likizo: kuamka saa kumi alfajiri niombe, nimalize Agano la Kale lote kabla hatujafungua, nifunge kila Jumatano na Ijumaa, na juu ya hayo nisaidie vijana wa kanisani. Si unakumbuka muhula uliopita nilivyokuwa, mkesha kila Ijumaa, Jumamosi kwaya, kamati mbili, Jumapili tunapanga viti watu hawajafika na tunavipangua wakishaenda, na hakuna hata siku moja kiongozi aliuliza nyinyi mmekula? Ilifika mahali nikisikia tu neno huduma tumbo linakaza.

Basi siku ya kwanza nikaamka saa tano. Saa tano ya mchana dada! Nikatoka chumbani kama mwizi. Mama hakusema kitu, mahamri yalikuwa kwenye hotpoti na mbaazi zimefunikwa, akanitazama nikila ndio akasema, hata Eliya malaika alimwamsha ale, na alipomaliza akalala tena. Baadaye nikaenda kuangalia, 1 Wafalme 19, na kweli. Miaka yote hiyo sura mimi nilikuwa nakumbuka upepo na moto tu, ule usingizi naupita.

Wenzetu wa ng'ambo likizo ya saa hizi kwao ni jua la kuchoma, kwetu ndio baridi, kusi inavuma, bahari imechafuka. Mama anavaa sweta na digrii ni 24. Wewe wa Nairobi ungetembea na vesti.

Kazi niliyopewa ni moja tu, kukuna nazi. Uliniachia hiyo kazi ulipoondoka na mimi nikaikimbia, sasa imenipata. Nakaa juu ya mbuzi pale mlangoni, sinia chini, na siku ya kwanza kwa haraka zangu nilikuna mpaka kwenye kifuu, nazi ikatoka na madoadoa ya kahawia, nikajikata na kidole. Mama akaniambia taratibu, zungusha, usikandamize, ukiona weupe unaisha achia. Halafu tui la kwanza anaweka kando, wali unaiva na lile jepesi, zito linaingia mwisho. Dada ile kazi haifanyiki na simu mkononi. Nusu saa nzima sifikirii kitu chochote, na katikati ya hiyo nusu saa nikajikuta naomba, bila kupanga, bila kuangalia saa, maneno mawili matatu tu. Sijui kama inahesabika. Mimi nimeihesabu.

Jumapili iliyopita tukitoka kanisani Baba akataka tutembee, tukapita Kengeleni, na si unamjua, hawezi kupita ile kengele bila kusimama. Akaanza, Freretown, miaka ya 1870, wamisionari wa CMS, watumwa walioachiliwa wakaletwa kukaa pale, kengele ikipigwa kuwaonya majahazi ya wafanyabiashara wa watumwa yakionekana. Nimeisikia mara mia, tuktuk zinatupigia honi, mimi nawaza wali. Lakini safari hii akaongeza kitu. Akauliza, unajua kwa nini tuliambiwa tuishike Sabato? Nikamjibu haraka, kwa sababu Mungu alipumzika siku ya saba. Akasema hiyo ni ya Kutoka, soma Kumbukumbu la Torati 5, pale sababu ni nyingine, kumbuka ulikuwa mtumwa Misri. Mtumwa ndiye hana siku yake. Halafu akavuka barabara akaenda kununua viazi karai, kama kwamba hajasema kitu.

Nimekaa na hilo neno wiki nzima sasa. Na nikikumbuka simu yetu ya mwisho, wewe umetoka shifti ya usiku, umechukua na ya mwenzako, na jioni unaenda kuongoza maombi, halafu unaniambia uko sawa na sauti imekauka hivyo, mimi nilinyamaza kwa sababu na mimi nilikuwa vilevile. Sikunyamaza kwa heshima ya ukubwa wako, usidhani.

Ile daftari Mama anaandikia madeni ya maji ya mkokoteni, kurasa ya ratiba ameipindua.

Njoo basi hata siku nne. Treni iko kila siku kutoka Syokimau. Kitanda cha juu hakuna aliyekigusa, neti imefuliwa, na Jumamosi tunapika wali wa nazi na samaki wa kupaka, nazi nakuna mimi. Lakini ile flaski ya Mama ya maua uliyoondoka nayo Januari uje nayo, ameshaanza kuniuliza mimi.

Nduguyo mdogo