Mjomba, usianze na taa: barua kwa mpwa wangu anayejenga kompyuta ya gemu

Mjomba,

Salaam. Orodha uliyonitumia juzi usiku nimeisoma mara tatu, na jana nikaichapisha kabisa ili niipigie mistari. Nakujibu hadharani kwa sababu tangu minada ya korosho ianze nimeulizwa swali hilohilo na vijana wanne wa hapa Mtwara, na orodha zao na yako ni kama mapacha: kasha la kioo lenye feni sita zinazowaka rangi, prosesa (ubongo wa kompyuta) iliyoandikwa i7, kadi ya picha RX 580 iliyotumika, RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 8, na pale chini kabisa, "powa saplai inakuja bure na kasha".

Kwenye hilo neno bure nimechora duara jekundu, maana powa saplai ndilo boksi linalogawa umeme kwa kila kitu ndani ya kompyuta.

Fedha hizi najua zilikotoka. Mwezi wa sita na wa saba ulikuwa Tandahimba kwa bibi yako, kitambaa usoni, unapuliza salfa. Mwezi wa kumi ukarudi kuinama na kuokota. Malipo ya mnada yalipoingia, ulilipa vibarua kwanza ndipo ukahesabu kilichobaki: milioni moja na laki mbili. Sitaki ziishe kwa usiku mmoja kama zilivyoisha zangu.

Hii sijawahi kukusimulia. Kompyuta yangu ya kwanza niliijenga nikiwa nimepanga chumba Mikindani, karibu na maji. Nilinunua kasha zuri na powa saplai yake humohumo ndani. Ilifanya kazi miezi mitano. Usiku mmoja wa masika umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena, na uliporudi mara ya pili nikasikia "pa!" chini ya meza, kisha harufu ya plastiki iliyoungua. Asubuhi nikafungua. Kapasita moja ilikuwa imevimba na kupasuka kichwani, na mazabodi, ile bodi kuu inayounganisha kila kitu, ilikuwa na doa jeusi ukubwa wa ukucha. Kadi ya picha nayo haikuwaka tena. Muuzaji aliniambia gwaranti haihusu mambo ya umeme, basi.

Nilichokuja kukielewa nikakielewa nikiwa nimeshika ile powa saplai mkononi. Ilikuwa nyepesi kama kopo tupu. Ubavuni imeandikwa 500W kwa herufi kubwa, lakini kwenye jedwali dogo la chini, mstari wa +12V ulisema ampea 16. Zidisha mwenyewe: volti 12 mara ampea 16 ni wati 192. Mstari huo ndio unaolisha prosesa na kadi ya picha. Sasa RX 580 peke yake imepangiwa kula mpaka wati 185. Kwa hiyo mashine yangu ilikuwa imeelemewa tangu siku ya kwanza, na umeme wa usiku ule ulikuja kumalizia tu.

Basi popote utakapouziwa powa saplai, usisome namba kubwa. Igeuze, tafuta +12V, zidisha. Ya wati 550 ya kweli itakuonyesha ampea arobaini na kitu kwenye mstari huo. Ile alama ya 80 Plus ni nzuri kuwa nayo, ila ujue inapima ufanisi tu, yaani umeme kiasi gani unapotea kama joto. Haikuhakikishii kwamba ndani kuna ulinzi wa umeme kuzidi. Chukua ya kampuni inayojulikana, mpya, ndani ya boksi lake, hata kama itakula fedha ya zile feni sita zote. Mimi nasema ndiyo iwe ya kwanza kuandikwa kwenye orodha, halafu vingine vigawane kinachobaki.

Ya pili kuandikwa ni UPS, lile boksi la betri linaloshika umeme ukikatika. Najua umeshaanza kukunja uso, maana hakuna rafiki atakayekuja kwenu Chikongola akasema "aisee, una UPS kali". Lakini umeme wetu unaujua. Na hapo pia kuna namba ya kutazama: UPS ya VA 650 si ya wati 650, mara nyingi inabeba wati mia tatu na sitini hivi. Kompyuta ninayokupendekezea itatosha humo, pamoja na skrini, ukapata dakika chache za kufunga gemu na kuzima kwa heshima. Ikishindikana kabisa mwezi huu, azima kile kifaa cha kulinda friji alichonacho mama yako. Hakitahifadhi umeme, lakini kinakata volti zikizidi au zikipungua, na kinasubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha. Mwambie ni kwa muda tu.

Tena mwite fundi aangalie kama nyumba yenu ina waya wa ethi. Ukigusa chuma cha kasha kwa nyuma ukasikia kama kimdudu kinatembea kwenye kidole, ethi hakuna. Usilipuuze hilo.

Sasa tuje kwenye i7.

Ile i7-4770 uliyoandika ilitoka mwaka 2013. Ina koa nne (vichwa vya kufanyia kazi) na nyuzi nane (kazi inazoshika kwa pamoja), inatumia RAM ya DDR3, kizazi cha zamani, na Windows 11 haiitambui kama mashine inayokubalika. Windows 10 nayo Microsoft walisitisha huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Herufi i7 inauza kwa sababu tumezoea kwamba saba ni kubwa kuliko tatu na tano, lakini kwenye prosesa kinachotangulia ni kizazi. Hata Core i3-12100F ya 2022 ina koa nne na nyuzi nane vilevile, na inaiacha i7 hiyo mbali sana.

Ushauri wangu ni huu: jenga kwa misimu miwili. Msimu huu usinunue kadi ya picha kabisa. Chukua prosesa ya Ryzen 5 5600G. Ni ya 2021, ina koa sita na nyuzi kumi na mbili, inakula wati 65, na ndani yake mna sehemu ya picha inayoweza kuendesha gemu bila kadi. GTA V utacheza vizuri tu. Valorant utacheza. Mpira utaucheza ukikubali kupunguza ukali wa picha. Korosho za mwakani zikiuzwa, unaongeza kadi kwenye mashine ileile, hubadilishi kitu kingine kwa sababu powa saplai ulishanunua ya kutosha.

Dosari yake nikwambie mapema. 5600G ina kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 16, wakati ndugu yake 5600 isiyo na picha ina MB 32, kwa hiyo siku ukiweka kadi itakuwa nyuma kidogo ya huyo ndugu yake. Nimelipima hilo nikaona linavumilika. Kilicho kibaya zaidi ni kununua kadi iliyochoka leo kwa sababu tu huwezi kusubiri miezi kumi.

Na kadi zilizochoka ni nyingi. Septemba 2022 Ethereum, mtandao wa sarafu ya kidijitali, waliacha mfumo wa kuchimba sarafu kwa kadi za picha, na maelfu kwa maelfu ya kadi zilizokuwa zikikesha kwenye machimbo hayo zikaingia sokoni kama mtumba. RX 580 ni mojawapo. Si kila kadi ya uchimbaji ni mbovu, lakini feni zake na mafuta yake ya kupitisha joto vimeshafanya kazi ya miaka. Kuna na mtego mwingine: ipo RX 580 kamili yenye vichakato vidogo 2304, na ipo nyingine inayoitwa RX 580 2048SP, yenye 2048. Kwa nje usitegemee kuzitofautisha, na wauzaji wengine hata hawajui wanauza ipi. Programu ya bure inayoitwa GPU-Z itakwambia kwa sekunde mbili. Siku utakaponunua kadi, usiondoke dukani kabla ya kuona dirisha la GPU-Z, kisha gemu ikiendeshwa dakika ishirini huku ukisoma nyuzi joto. Lengo lako liwe RX 6600 yenye GB 8. Inakula wati 132, imeipita RX 580 kwa nguvu, na haitaelemea powa saplai.

RAM ni hapa unapotakiwa kuwa mkali. Wewe umeandika kipande kimoja cha GB 8. Nunua viwili vya GB 8, DDR4, kasi ya 3200, na vyote viwe pacha. Sehemu ya picha iliyo ndani ya 5600G haina kumbukumbu yake yenyewe, inakopa kwenye RAM, na vipande viwili vikifanya kazi sambamba njia inakuwa pana maradufu. Kwa kipande kimoja utaona mpira unakwamakwama ukadhani prosesa ni mbovu. Ukishaunganisha, ingia kwenye BIOS (programu ya ndani ya mazabodi) uwashe XMP, yaani mpangilio wa kasi kamili ya RAM, maana bila hivyo RAM ya 3200 inaweza kukimbia 2133 na usijue mwaka mzima. Bei ya RAM imepanda sana duniani tangu mwishoni mwa 2025, viwanda vinahudumia kwanza vituo vya akili mnemba. Ukipata DDR4 safi iliyotumika, chukua. Kwa RAM sina wasiwasi na mtumba kama nilivyo na wasiwasi na powa saplai.

Mazabodi: B450 au B550, ya kawaida. Ila B450 za zamani hazimtambui 5600G mpaka BIOS yake isasishwe. Muuzaji aisasishe mbele ya mtu tutakayemtuma Dar, skrini iwake, ndipo fedha itoke.

Diski weka SSD ya NVMe, ile ya haraka inayochomekwa kwenye mazabodi, GB 500 inatosha kuanzia. FC 25, yaani huo mpira, peke yake inataka GB 100, kwa hiyo hutajaza magemu kumi, na bando la kupakua GB 100 hapa kwetu ni mzigo mwingine. Tafuta rafiki mwenye faiba.

Kuhusu kasha sitakuzuia kupenda kitu kizuri, ila la kioo mbele silitaki kwenye hewa yetu. Joto la hapa mwezi wa kumi na mbili unalijua, hata ukikaa kivulini shati linakushika mgongoni. Kasha lenye wavu mbele, feni mbili zinavuta, moja nyuma inatoa, basi. Na chumvi. Mashine yangu ya pili niliiweka chini ya dirisha linaloelekea baharini ili ipate upepo. Baada ya mwaka skrubu za nyuma zilikuwa na kutu nyekundu inayobaki kidoleni, na kwenye mdomo wa tundu la HDMI kulikuwa na unga wa kijani. Iweke upande wa ndani wa chumba, juu ya meza na si sakafuni kwenye mchanga, na kila mwezi ipitishie brashi laini ya rangi, mpya, kavu. Usitumie kitambaa chenye maji hata kama umekikamua.

Usafiri nao tuupange. Vitu vingi itabidi vitoke Kariakoo. Gwaranti nyingi za vitu vilivyotumika ni za siku saba, na siku saba zinaanza kuhesabiwa dukani, si Mtwara. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara kule Kilwa, nilikuwa na mzigo njiani, na ulipofika gwaranti ilikuwa imeshakufa. Kwa hiyo mtu wetu aunganishe kila kitu hukohuko Dar, hata juu ya boksi bila kasha, picha ionekane, apige video, ndipo afungue na kufunga upya. Prosesa hizi za AM4 (aina ya tundu la prosesa kwenye mazabodi) pini ziko chini ya prosesa yenyewe, nyembamba kuliko sindano, na ikipinda moja umekwisha. Isafiri ndani ya plastiki yake, kwenye begi la mkononi, mapajani. Isiende kwenye buti la basi pamoja na magunia.

Nimekuandikia upya orodha kwa mpangilio wa kununua: powa saplai, UPS, prosesa na mazabodi yake, RAM mbili, SSD, kasha la mwisho kabisa. Kwa hesabu ya bei nilizoulizia wiki hii, utabaki na fedha kidogo, na usiiongezee kwenye feni za rangi. Iweke pembeni, iwe mbegu ya kadi ya mwakani.

Kuna jamaa anapanda basi Alhamisi alfajiri kwenda Dar na anarudi Jumanne. Kabla ya Jumatano jioni uje Mikindani tukae naye, umweleze mwenyewe unachotaka. Nitampa picha ya ile powa saplai yangu iliyoungua, bado ninayo kwenye droo, ili ajue jedwali la kutazama liko upande gani.

Msalimie sana mama yako, na muulize kuhusu kile kifaa cha friji kabla sijamwuliza mimi.

Mjomba wako,
Mikindani