Mama Hamisi, tuanze na masikio yake

Shangani, Mtwara

Mpendwa Mama Hamisi,

Salaam nyingi kutoka huku. Sisi wazima, minada ya korosho imeanza na mji umechangamka. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia, maana jambo hili nataka ulisome taratibu, na ikibidi umsomee Baba Hamisi.

Ni habari za mtoto. Mlipokuwa kwangu juzi nilimwangalia sana. Alikaa mlangoni na kifuniko cha sufuria akikizungusha. Kikilala anakisimamisha, anakizungusha tena. Nikamwita kwa nyuma, hakugeuka. Nikapaza sauti, wapi. Lakini bodaboda ilipopita aliziba masikio kwa viganja vyote viwili. Na kule ufukweni, mchanga ulipomgusa tu nyayo akakunja miguu, akalia mpaka ukambeba. Mchanga peke yake usingenitia wasiwasi, watoto wengi hawaupendi. Ila haya yote yakikutana kwa mtoto wa mwaka na miezi tisa ambaye hajatamka neno hata moja, wala hanyooshi kidole kuonyesha kitu, bali anakushika mkono na kukuvuta hadi kilipo, siwezi kunyamaza.

Najua mama mkwe anasema watoto wa kiume huchelewa kusema. Wapo wanaochelewa, kweli. Lakini aliyechelewa maneno tu, mara nyingi ukimwambia alete kandambili ataleta, atakuonyesha kunguru juu ya bati, atakutazama usoni mkicheka. Na yule mzee anayetaka kumkata udata, ule utando ulio chini ya ulimi, nakusihi, usikubali. Udata haumzuii mtoto kuelewa wala kunyoosha kidole, na wembe utamwachia kidonda bure.

Masikio kwanza. Usijipe moyo kwamba anasikia kwa sababu anashtuka pikipiki ikipita au anacheza ngoma ikilia. Mtoto anaweza kusikia mlio mzito kama huo na bado akakosa sauti nyembamba kama s na f, maneno yakamfikia nusunusu. Tena Hamisi alikuwa akitoka usaha masikioni mwaka jana. Mwambie daktari hilo, pamoja na ile manjano aliyozaliwa nayo mpaka akalazwa. Vyote viwili vinaweza kugusa usikivu.

Masikio yakionekana mazima, wataangalia mengine, na huenda ukasikia neno usonji, yaani ubongo wa mtoto kukua kwa namna tofauti inayogusa kuwasiliana na wenzake. Lisikutishe. Usonji hauletwi na malezi mabaya, wala mashetani, wala chanjo. Mtoto mwenye usonji akianza mapema kufundishwa kuwasiliana, kwa mchezo na kwa maneno, hupata faida kubwa, na ndiyo maana sitaki tusubiri afike miaka mitatu.

Sasa kliniki. Chanjo ya surua na rubela ya miezi 18 ameshapata, kwa hiyo siku hizi mnakwenda kupima uzito tu, na mizani haisemi lolote kuhusu haya. Uzito wake mzuri, muuguzi ataandika kwenye kadi na kumwita mwingine. Usiinuke. Mwambie wazi: mtoto wangu haitiki akiitwa, haongei, naomba apimwe masikio. Kabla ya hapo mrekodi kwa simu nyumbani, akicheza na akiitwa jina, maana akifika pale amelala mgongoni hawataona kitu. Na siku ukimsikia ametamka neno kisha likapotea, usingoje tarehe ya kadi, mpeleke.

Nyumbani, chuchumaa usawa wa uso wake ndipo uongee naye. Taja unachofanya: tunakuna nazi, tunaosha mikono. Mchanga usimlazimishe.

Anzia hapo hospitali ya Sokoine, Lindi. Wakikuandikia rufaa ya kuja hospitali ya Ligula huku Mtwara, fikia kwangu. Nitaomba ruhusa shuleni twende wote. Nijulishe tu mapema siku utakayopanda basi, na kadi yake usiisahau.

Wako,
Mama Rehema