Maabara ya sauti bila kalibreta inapima nini?

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Nilisoma uhandisi, chuo sikitaji, na maabara yetu ya sauti ilikua chumba kimoja na kabati, ndani ya kabati kuna kipima sauti kizuri tu ila kalibreta yake ilishakufa siku nyingi. Kwa asiyeijua, kalibreta ni kidude cha kuenea kiganjani, unakichomeka kwenye maikrofoni kinatoa mlio wa desibeli 94 (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti), sasa mashine ikisoma 91 unajua inakudanganya, unairekebisha ndo unaanza kazi. Sisi tulikua tunapima hivyohivyo, tunaandika ripoti, lekchara anaweka tiki, na hakuna hata mmoja aliyejua kama zile namba ni za kweli. Na desibeli 3 sio kitu kidogo jamani, hapo nguvu ya sauti imeshakua mara mbili.

Watu ukiwaambia maabara ya sauti wanawaza kile chumba cha ukimya, kuta zimejaa pembe za sponji, unatembea juu ya wavu wa waya, kama cha Microsoft kule Redmond, Marekani, ambacho 2015 kilipimwa kikashuka mpaka desibeli -20.6, yaani chini ya sauti ndogo kabisa ambayo sikio la mtu linaweza kuisikia. Hicho hela ndefu, sisemi kijengwe kesho. Ila kuna chumba cha mwangwi, hicho ni zege tu na plasta laini, kuta zisiwe sambamba, ukubwa kuanzia mita za ujazo 150, fundi wa hapahapa anakisimamisha. Unapiga sauti, unapima inachukua sekunde ngapi kushuka desibeli 60, halafu unaingiza kitu unachotaka kukijaribu unapima tena, ile tofauti ndo inakwambia kinameza sauti kiasi gani.

Wallace Sabine, mwanafizikia wa chuo cha Harvard, Marekani, alianza vipimo vya namna hii 1895 na bomba la kinanda, saa ya kuhesabia sekunde na mito ya viti aliyokua anaihamisha usiku kutoka ukumbi mwingine, kwasababu kulikua na ukumbi wa lekcha ambao mtu akiongea haeleweki. Kumbi za hivyo tunazo, ukikaa nyuma unasikia mvumo tu, na katani ya Tanga tunayo, makumbi ya nazi tunayo, sufi tunayo, wanafunzi wangekua wanavipima wao wenyewe wakatengeneza mbao za kubandika ukutani kwenye kumbi zao.

Wakuu wa vyuo, kwenye bajeti ijayo nawaomba muanze na kalibreta na hela ya kuipeleka kukaguliwa kila mwaka, haifikii hata bei ya gari moja la chuo.

Msomaji wako,
Dar es Salaam