Barua ya wazi kwa Mrajis Msaidizi wa Vyama vya Ushirika, Mkoa wa Mtwara

Ndugu Mrajis Msaidizi,

YAH: FEDHA ZA USHIRIKA WA NYUMBA NA VIWANJA

Salaam. Sisi tunaotunza hesabu za vyama vya ushirika wa nyumba mkoani hapa tunakuomba jambo moja: mwanachama akileta lalamiko la fedha, ofisi yako ianze kwa kulinda kiwanja cha chama, mkutano wa wanachama ufuate baadaye.

Kwenye vyama vya korosho ubadhirifu hujitokeza mapema. Mnada ukishapita mkulima anasubiri malipo yake, na asipoyaona anauliza. Chama cha nyumba hakina mnada. Wanachama 60 wakichanga shilingi 50,000 kila mwezi, baada ya miezi 24 kuna shilingi 72,000,000, na hakuna anayetarajia kupewa chochote kabla ya upimaji kukamilika. Tena wengi hulipa malimbikizo kwa mkupuo msimu wa korosho, taslimu, mkononi mwa mweka hazina. Hapo ndipo panapovuja.

Mkaguzi alinganishe vitu vitatu: daftari la mwanachama, nakala za vitabu vya risiti kwa namba zake, na taarifa ya benki. Leja peke yake haitoshi, kwa kuwa huandikwa na mtu yuleyule anayetuhumiwa. Kitabu cha risiti kinachokosekana katikati ya namba ni dalili kubwa kuliko jumla isiyolingana. Vocha za upimaji nazo zina kipimo chake: malipo kwa serikali lazima yawe na namba ya malipo (control number), na malipo kwa kampuni binafsi yawe na risiti ya EFD, yaani mashine ya kielektroniki ya risiti. Vocha isiyo na kimojawapo ihojiwe.

Sasa kiwanja. Mara nyingi mkataba wa mauziano huandikwa kwa jina la mwenyekiti "kwa niaba ya wanachama", na hati ikitoka hutoka kwa jina lake. Akiuza, mnunuzi atadai alinunua kwa nia njema, na wanachama watabaki na kesi ya miaka mingi. Fedha zilizokwisha kuliwa ni vigumu kurudi. Ardhi bado ipo. Kwa hiyo siku lalamiko linapopokelewa, kiwanja kiwekewe zuio kwa Msajili wa Hati chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi. Eneo lisilo na hati halina rejesta ya kuwekea zuio, hivyo barua iende kwa mtendaji wa kijiji au mtaa na ofisi ya ardhi ya halmashauri, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo ndio ushahidi kwamba walijua.

Baada ya hapo, tumia mamlaka uliyonayo. Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya 2013 inaruhusu uchunguzi na, hasara ikithibitika, kumtoza kiongozi aliyeisababisha. Tunaumia kuona taarifa ya uchunguzi ikisomwa mkutanoni, wanachama wakipiga kura ya "kusamehe", na faili likafungwa. Kura hiyo haifuti jinai. Ubadhirifu ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Na. 11 ya 2007, na faili liende TAKUKURU hata kama ukumbi mzima umepiga makofi.

Wanachama nao tunawaasa wasikimbilie mahakamani kwanza. Mashauri mengi hurudishwa kwa sababu njia za ndani ya ushirika hazijamalizwa. Waandikie bodi kuomba kuona hesabu, wabaki na nakala yenye muhuri, kisha waje kwako. Bodi ikikaa kimya, barua hiyo inatosha kuanzia.

Lingine ni uchaguzi. Usiruhusu bodi mpya ipokee ofisi bila makabidhiano ya maandishi: salio la benki siku hiyo, namba za vitabu vya risiti vilivyotumika na visivyotumika, na mikataba halisi ya ardhi. Pasipo karatasi hiyo, bodi ya zamani husema iliviacha na mpya husema haikuvikuta.

Tunaomba waraka wako kwa vyama vyote vya nyumba kabla msimu wa korosho haujafunguliwa, maana fedha zitaanza kuingia tena.

Wako katika ushirika,
Watunza hesabu wa vyama vya ushirika wa nyumba, Mtwara

Nakala: COASCO (Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika), TAKUKURU Mkoa wa Mtwara