Kazi za tathmini zifanyiwe darasani, si nyumbani

Mhariri,

Msimu wa tathmini unapofika, saiba (maduka ya kompyuta na intaneti) za mitaa yetu ya Mombasa hujaa wazazi wanaochapisha picha na kukamilisha kazi za watoto wao. Kesho yake mwalimu hupokea kitu maridadi, akakipa kiwango cha juu. Aliyepimwa hapo ni mzazi, na mtoto asiye na mtu wa kumfanyia huonekana hajui.

Jambo hili si dogo. Tangu KPSEA ya kwanza, yaani mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 6, mwaka 2022, alama za shuleni za Gredi ya 4 hadi ya 6 zilipangiwa asilimia 60, na mtihani wenyewe asilimia 40.

Tuchukue mfano wa kazi ya kutengeneza chujio la maji. Chupa ya plastiki ya lita moja na nusu hukatwa kitako, ikapinduliwa, na mdomo ukazibwa kwa kitambaa cha pamba. Juu yake huwekwa makaa yaliyopondwa, kisha mchanga laini, kisha changarawe, kila tabaka kama sentimita 5. Vifaa vyote hivi hupatikana bila gharama kubwa. Darasa la wanafunzi 60 lina vikundi 15 vya watoto wanne. Mwalimu asijaribu kuwaona wote kwa siku moja. Katika kipindi cha dakika 35 aangalie vikundi vitatu, na wengine waendelee na kazi ya daftarini. Kwa vipindi vitano atakuwa amewafikia wote. Kila mtoto aulizwe swali lake peke yake, maana kikundini mmoja hufanya na watatu hutazama.

Kosa la kawaida ni mchanga usiooshwa: maji hutoka machafu kuliko yalivyoingia. Walimu wengi hukata alama hapohapo. La hasha, huo ndio wakati wa kuuliza, "Kwa nini yamechafuka?" Mtoto anayegundua chanzo, akauosha mchanga na kurudia, ameonyesha umilisi kuliko yule ambaye maji yake yalitoka safi naye hajui sababu. Swali la pili liwe la kwetu Pwani: je, chujio hili litaondoa chumvi ya maji ya kisima? Haliondoi, kwa kuwa chumvi imeyeyuka ndani ya maji. Vilevile ajue kwamba maji hayo hayanyweki kabla ya kuchemshwa, hata yang'ae vipi.

Vigezo viandikwe kabla ya kazi na watoto wasomewe. "Amefanya vizuri" si kigezo. Katika viwango vinne vya tathmini, kufikia matarajio kuwe, kwa mfano, kupanga tabaka sawasawa na kueleza kazi ya kila moja. Kuzidisha matarajio, kutambua kasoro na kuirekebisha bila kusaidiwa. Kukaribia matarajio, kupanga sawasawa bila kuweza kueleza. Mbali na matarajio, kushindwa kupanga hata baada ya kuelekezwa. Kisha walimu wawili wapime kazi tano zilezile, kila mmoja kivyake. Wakitofautiana, warekebishe maneno ya kigezo kabla ya kuendelea na darasa zima.

Tunawasihi walimu wakuu watenge vipindi hivyo kwenye ratiba. Nao wazazi wakiombwa chupa tupu na makaa kidogo, watoe. Wakiagizwa kuleta chujio lililokamilika, wana haki ya kumuuliza mwalimu atampimaje mtoto kwa kazi asiyomwona akiifanya.

Walimu wa Sayansi,
Kisauni, Mombasa