Salamu za Pasaka: Kapteni Aliyekimbia Peke Yake

Wapendwa, Kristo amefufuka! Amefufuka kweli kweli.

Nawaandikia usiku wa Jumamosi Kuu, nyumba imetulia, na badala ya kuwatumia maua na mishumaa ya kwenye simu kama kila mwaka, nimeona niwasimulie habari za mtu mmoja. Alikufa Jumatano ya Juma Kuu. Ilikuwa Machi 31, 1915, siku nne kabla ya Pasaka, karibu na Neuve Chapelle, kaskazini mwa Ufaransa. Jina lake Wyndham Halswelle, kapteni katika jeshi la Uingereza, na alikuwa na miaka 32.

Halswelle alikuwa mwanajeshi kwa kazi na mkimbiaji kwa mapenzi tu. Mbio za ridhaa, bila malipo. Kipaji chake kiligunduliwa Afrika Kusini, alikopelekwa na kikosi chake wakati wa vita vya Makaburu. Mwaka 1906, kwenye mashindano ya Uskoti, alishinda yadi 100, 220, 440 na 880, zote alasiri moja. Anayejua riadha ajaribu kuwaza miguu ile jioni yake ilikuwaje.

Ila kilichonifanya nimkumbuke Kwaresima hii ni fainali ya mita 400, Olimpiki ya London, Julai 23, 1908. Walikuwa wanne: yeye na Wamarekani watatu, Carpenter, Robbins na Taylor. Siku hizo uwanja haukuwa na mistari ya kumtenga kila mkimbiaji na mwenzake. Walipoingia ule mwendo wa mwisho, Halswelle akatoka nje ili ampite Carpenter, naye Carpenter akazidi kutanuka kuelekea ukingoni, mkono wa kulia uko mbele ya mwenzake. Waamuzi wakapiga kelele, utepe ukakatwa kabla ya mtu kuufikia, mbio zikafutwa. Kwa kanuni za Waingereza ile ilikuwa faulo. Kwa za Wamarekani, mambo ya kawaida uwanjani. Mnaweza kukisia magazeti ya pande zote mbili yalivyowaka.

Carpenter akaondolewa, ikaamuliwa mbio zirudiwe baada ya siku mbili, safari hii na kamba za kutenganisha njia. Robbins na Taylor wakagoma. Basi Halswelle akasimama kwenye mstari peke yake, akakimbia peke yake mbele ya umati, akamaliza kwa sekunde 50. Sisi tungeuita ushindi wa mezani, japo huyu ilibidi autolee jasho. Hadi leo hakuna bingwa mwingine wa riadha ya Olimpiki aliyepata dhahabu kwa namna hiyo.

Sasa hapa ndipo aliponigusa. Maneno yalikuwa yamezagaa kwamba Carpenter alimpiga viwiko, kwamba kifuani mwake zilionekana alama. Halswelle akaandika barua kwa gazeti la Sporting Life: hapana, hakunipiga viwiko vya nguvu, alama hazikuwepo, wala mimi sikusema hivyo. Kisha akaeleza kilichotokea: kiwiko kilimgusa, na alisukumwa theluthi mbili za upana wa njia nzima ya mbio mpaka mbio zake zikakatika. Basi. Alidai haki yake yote, na akakataa kumtilia mwenzake chumvi.

Nawaambia ukweli, niliposoma hayo niliona aibu. Kuna ndugu yangu tuliyekosana tangu mwaka jana, na kila ninaposimulia kile kisa kinanenepa. Mwanzoni alininyamazia. Mwezi uliofuata alinidharau. Kufikia Jumatano ya Majivu alikuwa amenitukana mbele ya watu. Wapi! Mtu alininyamazia tu.

Mwaka uleule wa 1908 Halswelle akatundika viatu, akabaki na jeshi. John Taylor, mmoja wa wale waliogoma, alipata dhahabu yake kwenye mbio za kupokezana hapohapo London, Mmarekani mweusi wa kwanza kuipata, na kabla mwaka haujaisha homa ya matumbo ikamchukua. Kisha Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia vikaja. Kuhusu mapigano ya Machi 1915 Halswelle aliandika kwa mkono uleule usioongeza kitu: jinsi ilivyo taabu kutoka handakini, hasa kwa askari wafupi, wana mzigo mgongoni, bunduki, risasi, na singe ikiwagonga miguuni. Siku yake ya mwisho alikuwa ameshajeruhiwa, akafungwa bandeji, akakataa kuondolewa. Akatoka kwenda kumwokoa afisa mwenzake aliyekuwa ameumia, na mdunguaji wa Kijerumani akampata.

Amezikwa Laventie, hukohuko Ufaransa.

Basi, wapendwa, Pasaka njema kwenu nyote, wakubwa kwa wadogo. Walio na mgonjwa nyumbani, tunawaombea. Waliofiwa tangu Pasaka iliyopita, hatujawasahau. Na wewe ndugu yangu, unajijua, kesho nikitoka ibadani nakupigia simu. Usiponipokea nitawaambia watu hukupokea, sitasema ulinikatia.