Yakhe, hilo dumu lishushe

Assalaam aleikum mwalimu,

Upo yakhe? Voisi yako ndefu, ya kuniuliza kwa nini boti ya kuchezea ya skuli, ile ya kurusha maji kama ya zimamoto, inapinduka, nimeisikiliza mpaka mwisho huku nafungua simu ya mtu, na ile video nimeirudia kuliko nilivyohitaji, nisamehe, inachekesha. Boti inatoka safi kabisa, vijana wanashangiria, pampu inawashwa, inarusha kidogo, alafu chombo kinalala ubavu na skuli nzima kimya. Waambie hawajaharibu kitu. Wallahi wamekaribia sana, shida yao ni moja na iko juu ya sitaha, lile dumu la maji ya pampu.

Tazama, nyie mmechukua ubao mwembamba na lile povu gumu jeupe linalokuja kwenye boksi la tivii, yote na mota na betri kwa macho yangu haizidi nusu kilo, alafu mkapandisha juu yake dumu la lita moja. Lita moja ya maji ni kilo moja. Kwahiyo mzigo ni mzito kuliko chombo na umekaa juu ya chombo. Manahodha wetu farumi, ule uzito wa kutuliza chombo, wanaitia chini kabisa, mawe au mchanga, sijaona hata mmoja anayeifunga kwenye mlingoti.

Na uzito peke yake una nafuu, ubaya zaidi ni kuwa maji hayatulii. Dumu likijaa pomoni maji hayana pa kwenda, likifika nusu ndio balaa lenyewe, boti ikiinama kidogo kulia maji yote yanakimbilia kulia, yanazidisha kuinama, na ikizidi kuinama yanakimbia zaidi. Ndio maana haikupinduka pale mwanzo, imepinduka ilipokwisha kurusha kidogo. Meli za kweli zinagawa matangi kwa kuta kwa sababu hio hio, na hapa pana hesabu vijana wako wataipenda: ukitia ukuta mmoja katikati unaofuata urefu wa boti, ule ubaya hauwi nusu, unakuwa robo, kwa sababu unafuata upana wa maji kwa kipeo cha tatu. Vyumba viwili, kila kimoja nusu ya upana, nusu kwa nusu kwa nusu ni thumuni, mara mbili ni robo. Waachie waitafute wenyewe kabla hujawaambia.

Mfano wa kwetu wa chombo kuzidiwa upo na unaujua, Spice Islander, Septemba 2011, lakini ule nauacha, huko Pemba kila mtaa una mtu wake, si wa kutolea somo la boti ya kuchezea. Chukua wa mbali. Machi 1987 feri ya Waingereza, Herald of Free Enterprise, ilitoka bandari ya Zeebrugge kule Ubelgiji mlango wa mbele wa magari haujafungwa, maji yakaingia sitaha ya magari ambayo ni uwanja mmoja mpana hauna kuta, yakahama upande mmoja na meli ikalala kwa dakika chache tu, watu 193 wakafariki. Meli kubwa ile, na kilichoilaza ni maji yaliyopata uwanja wa kukimbia.

Sasa mie ningewaambia hivi: boti isibebe maji hata tone. Iko baharini, maji yamejaa pande zote, ya nini kuyapakia? Boti za zimamoto ndivyo zinavyofanya, zinavuta chini na kurusha juu. Iko moja ya New York inaitwa John J. Harvey, ya mwaka 1931, ilishastaafu zamani, lakini Septemba 11, 2001 mabomba ya barabarani yalipokatika iliitwa tena kupampu maji ya mto Hudson kwa ajili ya wazima moto. Tangi lake ni mto mzima.

Pampu basi. Hio mliyotia, ile ndogo ya volti 5 ya kuchezea, kwa beseni nzuri ila haina msukumo, nyingi zao hazipandishi maji hata mita moja. Na usiwaache vijana waamini kuwa wakibana mdomo wa mrija ndio maji yatakwenda mbali bila mwisho. Mdomo ukibanwa kidogo kweli maji yanatoka kasi, ukibanwa sana pampu inashindwa na unabaki na matone. Maji yanayotaka kufika mita moja juu lazima yatoke mdomoni kwa kasi ya kama mita 4.4 kwa sekunde, yakitaka mita tano ni kama mita 10 kwa sekunde, na hapo sijahesabu upepo. Pampu ile haifiki huko.

Tafuta pampu ya maji ya waipa, ile ya kuoshea kioo cha gari, kwa mafundi magari inapatikana iliyotolewa kwenye gari bovu. Ni ya volti 12 na ina nguvu kweli. Ila ina masharti: haikutengenezwa kufanya kazi mfululizo, ni sekunde chache chache alafu ipumzike, na haitaki kuzunguka kavu, ikikosa maji inaunguza sili yake ya ndani. Tena haijui kuvuta hewa. Kwahiyo lazima ikae chini ya mstari wa maji, ili maji yaingie yenyewe kabla hujaiwasha. Hapo ndipo wengi wanapokwama, pampu wanaiweka juu pakavu "isilowe" inazunguka wee na hakuna kinachotoka. Tundu la kuvutia litoboe chini katikati, si ubavuni, maana boti ikiinama tundu la ubavuni linatoka nje linavuta hewa. Juu ya tundu tia kitambaa cha chujio la chai kwa gundi, bila hivyo mchanga na vijipande vya mwani vitaingia ndani ya pampu na hutoviona mpaka uifungue.

Alafu umbo. Yakhe mtu wa Wete unaniuliza mie wa mjini namna ya kufanya chombo kisipinduke, na ngalawa zinapita mbele yako kila siku! Ngalawa ni gogo jembamba, likiwa peke yake linageuka ukikohoa, ila likishatiwa mirengu, ile miti ya kukatisha, na matengo, vile vibao vya kuelea, huku na huku linabeba tanga kubwa katika kusi. Siri ni upana pale chombo kinapokata maji, na ni kipeo kile kile cha tatu, safari hii kinakufanyia kazi wewe: uzito ule ule, upana mara mbili, ule ubishi wa umbo dhidi ya kuinama unakuwa mara nane.

Kwa skuli mie ningechukua chupa mbili za maji za lita moja na nusu, sawasawa, nizilaze sambamba, katikati hadi katikati kama sentimita 25, nizifunge kwa vijiti viwili vya mianzi na mpira wa baiskeli uliokatwa utepe, usitumie gundi peke yake, plastiki ile haishiki gundi. Chupa moja ikizama nusu inabeba kama gramu 750, mbili kilo na nusu, na nusu ndio pazuri kwa sababu chupa ya duara inapozama nusu ndipo upana wake juu ya maji unapokuwa mkubwa kabisa. Kwahiyo vitu vyote pamoja lengeni kilo moja na robo isizidi. Kifuniko kifungwe asubuhi kungali na ubaridi, chupa iliyopigwa na jua ukiifunga ikigusa maji inanywea, inabonyea tumbo, na boti yako inakwenda upande.

Betri zilale chini baina ya chupa, ndani ya kikopo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, chini kadiri maji yanavyoruhusu. Hio ndio farumi yenu, hamna haja ya mawe. Pampu nayo chini. Juu kibaki kitu kimoja tu, mzinga, yaani mrija wa kurushia maji.

Mzinga nao usiufanye mnara. Najua vijana wanataka urefu uonekane, lakini maji yakitoka mbele yanasukuma boti nyuma, na yakitoka ubavuni yanaisukuma ubavu. Fanya hesabu nao: tuseme mililita 25 kwa sekunde zinatoka kwa mita 10 kwa sekunde, msukumo ni robo ya nyutoni, yaani kama unabonyeza kwa uzito wa gramu 25. Ni kidogo, lakini ukiuweka sentimita 20 juu ya sitaha una mkono mrefu wa kupindulia, ukiuweka sentimita tano hauna. Kwahiyo mzinga mfupi, katikati ya chombo, uelekee mbele na kuinuka kidogo chini ya nyuzi 45. Wakitaka uzunguke kushoto kulia, sawa, matengo yatavumilia, ila ukirusha ubavuni boti itasogea na mota za kusukuma zitabidi ziipinge. Mdomo wa mzinga tumia kimrija cha wino cha kalamu iliyokwisha, kichwa ung'oe, kata kwa wembe sawasawa kabisa, mkato ukiwa na vichembe maji yanatawanyika karibu badala ya kwenda kamba moja.

Mota za kusukuma tia mbili, kila chupa yake, propela moja izunguke kulia na ya pili kushoto. Propela moja peke yake inajaribu kuipindua boti kinyume chake, mbili zinaondoleana. Na usukani mnauokoa, mota ya kushoto ikienda na ya kulia ikisimama boti inageuka. Ile rimoti ya gari bovu uliyosema inafaa, angalia tu kama ni ya 2.4 gigahezi waya wa antena usilale karibu na maji, masafa yale maji yanayameza, boti ikifika mbali kidogo hausikilizwi.

Umeme wa pampu usichanganye na wa rimoti. Pampu inapoanza inavuta mkupuo mkubwa, volti zinashuka, rimoti inazima na kuwaka, na boti inasimama pale pale unapotaka kujionesha kwa wageni. Betri za pampu ntakupa mie, ninazo seli za laptop, tatu kwa mstari zinatoa volti 11.1 na pampu inaridhika. Seli hizi si za mchezo, moto wake mbaya, nitatia fyuzi na wewe usiruhusu mtoto aichaji bila mtu mzima, na zikiingia maji ya chumvi usijaribu kuzirudisha, weka nje mbali na nyumba.

Chumvi yenyewe ndio adui wa yote haya. Mkirudi pwani tu, boti yote ioshwe kwa maji ya bomba, pampu iendeshwe sekunde chache ndani ya ndoo ya maji matamu, shafti zipakwe grisi. Zikilala na chumvi usiku mmoja mota zinashika kutu na Jumatatu hazizunguki.

Kabla ya bahari jaribuni kwenye beseni kubwa, na jaribio langu ninalolipenda halina hata pampu: bonyeza tengo moja, yaani chupa moja, mpaka lizame, achia, tazama inavyorudi. Ikirudi haraka haraka na kutetemeka, ina ukakamavu, nzuri. Ikirudi kwa madaha, inakwenda polepole huku, inafikiri, inakuja polepole, hio usiipeleke popote, kuna kitu bado kiko juu sana. Baharini itaelea juu kidogo zaidi kuliko kwenye beseni, maji ya bahari mazito, kilo 1025 kwa mita ya ujazo, kwahiyo ikifaulu beseni huko itafaulu, isipokuwa mawimbi. Chagueni maji yakiwa yamekupwa, kidimbwi kilichobaki, asubuhi kabla ya upepo.

Pampu nimeshaipata, seli nazifunga wiki hii, ntampa mtu wa meli. Ninachokudai ni kipimo cha upana wa ndani wa mrija mlionao, tumia misumari kama huna rula nzuri, uone upi unaingia bila kulazimisha, maana shingo ya pampu ni pana kuliko mrija ule niliouona kwenye video na sitaki ufungefunge kwa nailoni. Picha ya ile kalamu ikishakatwa nayo nitumie, karibu, si ya mita mbili kama kawaida yako.

Nisalimie bimkubwa, mwambie halua ya mara ya mwisho ilifika imeliwa nusu na mletaji kakataa.

Mie, fundi wako wa Michenzani